Isamilo, pale gari linapoishia

Mwanza ukisema unakwenda kupanda mlima kwa ajili ya kupanda tu, watu wanakuangalia mara mbili. Karibu kila mtu hapa ana kilima chake anachokipanda, na hakipandi kwa kupenda, anarudi nyumbani. Nilipomwambia mwenzangu wa kazini kwamba sikukuu ya Nane Nane nataka tuanzie mjini, tupande Isamilo, tufuate mgongo wa mawe kuelekea kaskazini, tushukie Kitangiri na kumalizia Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, aliuliza kwanza nani amefiwa. Alipojua hakuna msiba, akauliza tunabeba nini. Yeye amezaliwa na kukulia kwenye mawe ya upande ule, na kwa hesabu zake mtu anayepanda mlima mikono mitupu ana lake jambo.

Akakubali kwa masharti: tuondoke kabla jua halijakolea, na chakula cha mchana nilipe mimi. Wenzetu wengine ofisini walikuwa wanakwenda Nyamhongolo kuangalia maonyesho ya wakulima, ng'ombe wa maziwa na matrekta. Sisi tukakutana Makoroboi, machinga wakiwa ndiyo kwanza wanafungua mabunda ya mitumba na kupanga viatu kwenye maturubai. Asubuhi za Agosti Mwanza zina ubaridi wa kudanganya. Upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki na vumbi lake jembamba, kwa hiyo ziwa linaonekana kwa ukungu mpaka jua lipande. Wapiga picha watakuambia uje baada ya mvua. Mimi niliutaka mwezi huu kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Sehemu ya chini ya Isamilo ni ya wenye nafasi. Lami, mageti ya chuma, maua yamefunika kuta, mlinzi kwenye kiti cha plastiki na redio yake. Kuna nyumba zilizoegemezwa kwenye majabali kiasi kwamba jiwe lenyewe limekuwa ukuta wa nne wa gereji. Unapanda, lami inaisha, inaanza changarawe. Changarawe nayo inakatika, panakuja kipande cha zege kilichomwagwa na wakazi wenyewe kwa kuchangishana. Mwenzangu anajua nani alichanga na nani alizima simu. Halafu pana Noah ya kijivu, imeegeshwa pua ikielekea mjini, mawe mawili yamezuia matairi ya mbele. Baada ya hapo ni njia ya miguu.

Mwenzangu akaipigapiga ile Noah ubavuni. "Mji unaishia hapa, kaka. Ukivuka hapa umeingia kwetu."

Ukiutazama mji kutoka kwenye feri ya Kamanga, vilima vyote vimejaa nyumba kutoka chini mpaka juu na ni rahisi kudhani wote wanaoishi huko ni wa hali moja. Wengine wanakupa ramani ya haraka: matajiri Capri Point, walalahoi Mabatini. Lakini Capri Point nayo ni kilima. Mimi nadhani kinachogawa watu Mwanza ni pale gari linapoishia. Chini ya mstari huo kiwanja ni cha mamilioni, na dalali anakutajia mandhari ya ziwa kabla hajakutajia ukubwa. Panda kidogo tu juu ya mstari, mandhari yanakuwa mazuri zaidi na hakuna anayeyataja, kwa sababu mnunuzi anauliza kwanza mfuko wa saruji utafikaje.

Utafika begani. Tulipishana na kijana amebeba mfuko wa kilo hamsini, kipande cha gunia amekikunja shingoni kupunguza makali, miguuni ndala. Ndala! Mimi nilikuwa na viatu vya mazoezi vyenye soli ya kushika na bado nilikuwa nachagua pa kukanyaga. Yeye macho yake yalikuwa hatua chache mbele, hasimami, maana ukisimama na mzigo ule kuanza tena ndiyo kazi yenyewe. Jasho lilikuwa limechora mifereji kwenye vumbi la saruji mgongoni, na kwenye kila jiwe la ngazi alikanyaga sehemu ileile ambayo nyayo za watu zimeshailainisha. Mwenzangu alinivuta pembeni. Huku sheria ya barabarani ni fupi na haijaandikwa popote: mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Asiyebeba anampisha aliyebeba, na aliyebeba hampishi mtu isipokuwa mgonjwa au jeneza.

Hilo la mwisho lilinifanya niulize zaidi. Mgonjwa akizidiwa usiku anashushwa mgongoni, au anakalishwa kwenye kiti cha plastiki kinachobebwa na vijana wanne, mpaka bajaji inaposubiri. Mjamzito siku zikikaribia anahamia kwa ndugu wa tambarare. Maiti inashushwa mchana peupe kwenye njia ambayo watu wawili hawapishani, wabebaji wakipokezana kila kona. Na kutoka milangoni mwao watu hawa wanaiona Bugando. Ile hospitali iliyokaa juu ya kilima chake tangu 1971 inaonekana kutoka karibu kila upande wa mji.

Nyumba za huku zimejengwa kwa kubembelezana na mawe. Msingi unaanza kwa kutafuta jabali lisiloyumba, kisha unajengwa ukuta wa mawe upande wa bondeni, unajazwa kifusi, unapata uwanja wa kutosha vyumba viwili na banda la jiko. Choo ndicho kipengele. Shimo halichimbiki kwenye mwamba, na zamani mvua ikinyesha kila mtu alijua cha jirani wa juu kinakuja wapi. Sasa kwenye baadhi ya mitaa ya milimani utaona mabomba ya majitaka yamelazwa juu ya mawe, yakishuka nyumba hadi nyumba. Si mazuri kwa macho. Mwenzangu anasema hakuna kitu kizuri kimewahi kujengwa huku kuliko hayo mabomba, na mimi sina hoja ya kumpinga.

Kwa kuwa hakuna njia iliyotengwa, njia ni uwani kwa watu. Unapita kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa, unaruka beseni la vyombo, unapiga hodi kwenye nyumba ambayo huingii. Mwenzangu alikuwa anasalimia bila kupumzika: "Mwangaluka mayu," "Shikamoo mzee," "Za asubuhi jamani," na kila mahali alikuwa anaulizwa habari za mama yake. Mimi nilikuwa naulizwa kwa macho. Anayetaka kutembea milima hii ajue hilo: hakuna mbuga wala pori huku, kuna majirani. Salamu ndiyo tiketi.

Kwenye uwazi mmoja tukakuta jabali linafuka moshi. Kuni na vipande vya tairi vilikuwa vimewashwa juu yake tangu jana jioni, moto ukaachwa ulale, na asubuhi hii baba mmoja alikuwa anagongagonga na mtaimbo kusikiliza wapi pameachia. Jiwe zima linalia sauti nyembamba. Lililoachia linaitika zito. Alipopata pa kuingilia akapachika tindo, akapiga nyundo mara chache, na kipande chenye unene wa tofali kikabanduka na kuteleza kama ganda la kitunguu. Pembeni, chini ya kivuli cha viroba vilivyoshonwa, walikaa akina mama wawili wakigonga kokoto. Kila mmoja alikuwa na kitanzi cha mpira wa tairi anakizungushia jiwe kabla ya kupiga ili vipande visiruke machoni, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa mpira wa ndani wa baiskeli. Robo tatu fungu lake, nusu inchi fungu lake. Zinapimwa kwa ndoo, ndoo zinakusanywa mpaka zitimie tripu ya lori, na lori haliwezi kufika hapa, kwa hiyo ndoo zilezile zinashuka kichwani mpaka kwenye Noah.

Yule baba anafanya kwa usiku mmoja kazi ambayo kilima kimekuwa kikiifanya chenyewe siku zote. Mawe ya Mwanza ni itale iliyopoa ndani ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mgeni akiona jabali la ukubwa wa nyumba limekaa juu ya jingine anafikiri limeporomoka kutoka mahali, lakini juu yake hapakuwa na mahali pa kuporomokea. Maji yalipenya kwenye nyufa zilizoukata mwamba wima na mlalo, yakauozesha kuanzia kwenye kona, yakabakiza viini vya mviringo vimezungukwa na udongo. Udongo ulipooshwa, viini vikabaki vimekaa palepale, kimoja mgongoni kwa mwenzake. Na mwamba ukipunguziwa uzito uliokuwa juu yake unatanuka, unabanduka tabaka kwa tabaka. Moto wa tairi unaharakisha tu. Ubaya ni kwamba udongo bado unaoshwa. Mvua kubwa za masika zinaposhika, yako majabali ambayo kilichokuwa kimeyashikilia kinaondoka, na chini yake kuna vyumba watu wamelala. Wakazi wanayajua kwa sura. Mwenzangu alinionyesha moja ambalo familia mbili zimelihama na ya tatu imekuja kupanga, kwa sababu kodi imeshuka.

Juu zaidi nyumba zinakuwa chache, halafu zinaisha. Mgongo wa kilima ni mawe matupu, nyasi kavu, mishubiri, na mitupa iliyojikita kwenye nyufa. Pimbi walikuwa wametoka kuota jua, wamejipanga kwenye ukingo wa jiwe lililopakwa michirizi myeupe ya mikojo yao ya miaka mingi. Watoto watatu walikuwa wamekata dumu la plastiki katikati na kulifanya kigari, wanateleza kwenye mwamba uliolala mteremko, na kila wakifika chini wanagombania zamu.

Na hapo ndipo nilipomwona yule mjusi. Kichwa, shingo na mabega vyekundu vya kukoza, kuanzia hapo mpaka mkiani buluu. Alikuwa amesimama juu ya jiwe la kijivu ambalo halikumpa pa kujificha hata kidogo, na hakuonekana kutaka kujificha: alikuwa anapiga pushapu, anasimama, anageuza kichwa kuniangalia kwa jicho moja, anapiga tena. Nilijaribu kumsogelea na simu. Alisubiri mpaka nikawa nimeinama vizuri, kisha akazunguka upande wa pili wa jiwe, akaendelea na mazoezi yake huko. Jike lake lilikuwa jirani, la kahawia, huwezi kuliona mpaka litembee. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la mji huu, na watu husafiri kutoka mbali kuja kumpiga picha. Mwenzangu aliwahi kumpiga mawe utotoni na anashangaa sana kusikia hivyo.

Jiwe la tangi ndilo kituo. Ni jabali bapa lenye tangi la maji juu yake, na kando yake mama mmoja ana banda la chai na maandazi. Alikuwa ameshabandika maharage ya mchana kwa sababu, alisema, maharage ya huku hayana haraka. Ana haki. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, hayafiki mia. Chai inatoka vizuri tu, lakini maharage yanakula mkaa.

Tulikaa kwenye benchi lake tukitazama. Upande wa magharibi ghuba ya Mwanza yote, maji ya rangi ya bati kwa sababu ya lile vumbi la Agosti. Feri ya Kamanga katikati. Jiwe la Bismarck dogo kuliko linavyoonekana kwenye picha, limebeba jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Nyuma ya Capri Point, Saanane, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Yenyewe ina jina la mwenyeji, Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani kabla hakijageuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964. Kusini ghuba inaendelea mpaka Kigongo, kwenye daraja jipya la kwenda Busisi. Hulioni kutoka hapa, ila mwenzangu alinyoosha kidole kuelekea huko kwa muda mrefu kana kwamba nikijitahidi nitaliona. Kaskazini maji yanafunguka, hayana mwisho, na ukiambiwa ni bahari huna cha kubishia.

Sababu yangu ya Agosti ni hii. Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipanda kilima upande huu wa ziwa, akaliona kwa mara ya kwanza, na papo hapo akaamini ndilo chanzo cha Nile. Alikipa kilima jina la Somerset, na wengi hapa Mwanza wanasema ndicho hiki cha Isamilo. Mwenzake wa safari, Burton, alikuwa amebaki Tabora, hakukubali, na ubishi wao ukaendelea Uingereza mpaka Septemba 1864, Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mdahalo uliopangwa kati yao. Jina la Somerset hakuna anayelijua Isamilo. Nilimuuliza mama wa chai, akadhani namtafuta mpangaji.

Lakini nilichotaka kukifikiria nikiwa juu hapa ni wale wengine. Speke macho yalikuwa yanamsumbua safari nzima. Aliyekuwa akimtafsiria na kumwongoza ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India na kurudi akiwa mtu huru. Pamoja nao walikuwepo askari wa Kibaluchi, na nyuma yao mizigo: shanga, vitambaa, vyombo vya kupimia. Hata kipimo cha kimo cha ziwa Speke alikipata kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, hesabu ileile ya maharage ya mama huyu. Mizigo hiyo ilifika huku vichwani mwa watu. Bombay alikuja kupewa medali ya fedha na pensheni na chama cha wanajiografia cha London mwaka 1876, na alistahili; alikwenda pia na Stanley, kisha na Cameron akavuka bara zima. Wapagazi hawakupewa kitu zaidi ya ujira wao, na sidhani kama mmoja wao alishangaa kuliona ziwa. Nikimtazama yule kijana wa saruji naona kazi haijabadilika sana, ila saruji ni nzito kuliko shanga.

Alikuja mzee mmoja kunywa chai. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu, mmepotea?" Alikuwa mvuvi miaka yake yote, sasa magoti yamekataa boti na, kwa kituko cha maisha, watoto wamemjengea juu huku. Hashuki tena, mji anauona kutoka hapa na unamtosha. Alituhadithia furu. Ujana wake ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wa kila namna, mtoto anavua kwa ndoano ya pini. Sangara waliletwa na wakoloni miaka ya 1950, wakakaa kimya muda mrefu, na kufikia miaka ya 1980 wakawa wamelijaza ziwa na kuwala furu, mamia ya aina zikapotea. Mzee hana chuki na sangara. "Furu alikulisha siku moja," alisema. "Sangara alitujengea." Baadaye viwanda vikaja, minofu ikaenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki, na mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni, yakawa na bei kuliko samaki mwenyewe. Anayeyatazama maji muda wote huo anajua nani alijengewa na nani alijenga.

Alipogeukia kaskazini alinyamaza kidogo, kisha akasema tu, "Bukoba ilitoka kule." Hakuhitaji kufafanua. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka asubuhi ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wao wamelala Igoma. Mama akabadilisha maneno, akauliza nani anaongeza chai.

Tukazungumza maji, kwa sababu huwezi kukaa kwenye jiwe la tangi usizungumze maji. Siku hiyo tangi lilikuwa tupu. Ziwa lote lile chini, kilomita za mraba 68,800, la pili kwa ukubwa duniani kwa maziwa ya maji baridi, na mama alikuwa amenunua madumu ya kupandishiwa kutoka chini. Dumu likiwa bondeni lina bei yake, likifika kwenye Noah lina bei nyingine, na mlangoni kwake linagharimu zaidi ya mara mbili ya kule lilikotoka. Maji ya ziwa hili yanasukumwa kutoka Ihelele mpaka Kahama na Shinyanga, na sasa yamefika Tabora. Naunga mkono kabisa. Nina ndugu Shinyanga wanaoyanywa, na najua walikuwa wanakunywa nini kabla. Ila bomba likiweza kuvuka mkoa mzima, sielewi kwa nini kilima kimoja kilishinde kila kiangazi. Mama hakutaka siasa. Alisema anachokiomba ni ratiba ya mgao ya kweli. Wakisema Jumanne, iwe Jumanne.

Nilimuuliza kama angeshuka akipata kiwanja tambarare, tuseme Buhongwa au Kisesa. Nilitegemea jibu la haraka. Alifikiria huku anakoroga maharage. Joto la kule, alisema. Mbu wa kule. Na nauli ya daladala kila siku kuja mjini, wakati yeye akishuka kwa miguu muda mfupi yuko Makoroboi. Halafu usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao ziwani, zamani karabai na sasa sola, wajukuu wanatoka nje kuhesabu na kugombana nani amehesabu sawa. Hakulisema hilo kwa huzuni wala kwa fahari. Aliliweka kwenye orodha pamoja na nauli. "Nikihama nataka nihame na jiwe langu," akacheka. Tulipoaga akatuagiza: "Mkifika Mwaloni mnikumbuke na dagaa, msiwe kama wazungu, wanakunywa chai wanapiga picha wanapotea."

Mteremko wa upande wa kaskazini ni mfupi na mkali, magoti ndiyo yanayolipa. Jua lilikuwa limeshapasha mawe joto, unaweka kiganja na kukiondoa. Uwanja wa CCM Kirumba ukawa mbele yetu, kisha pembeni yetu, kisha ukapotea nyuma ya mabati. Kuna mahali njia inakatiza kwenye mkondo wa maji ya mvua uliokauka, umejaa taka zilizoshushwa kutoka juu, na mwenzangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ananisifia kilima chao, hapo alitembea haraka bila maneno. Kitangiri tulikutana na lami tena, bodaboda wakatuita kwa pamoja, na tukakataa kwa kiburi kidogo.

Mwaloni unausikia kwa pua kabla ya kuuona. Magunia ya dagaa yamepangwa mpaka juu, kayabo, sangara waliokaushwa kwa chumvi, zimelala kama mbao, malori yanasubiri kwenda kote, mengine mpaka Kongo. Hapa ndipo kazi ya kubeba ilipo kwenye kilele chake: vijana wanashusha kutoka kwenye maboti, wanapita kwenye ubao mwembamba, maji kiunoni wengine, gunia kichwani, na msimamizi anahesabu kwa kumpa kila mmoja kijiti. Tulikula sato wa kukaanga na ugali kwenye banda linalotazama maji, sato mzima, kichwa nje ya sahani. Nililipa kama tulivyokubaliana. Mwenzangu aliagiza na supu, ambayo haikuwa kwenye makubaliano.

Dagaa tulinunua sado moja, wale wa Mwanza wenyewe, wakavu, wasio na mchanga. Mwenzangu aliwamwaga kiganjani, akawapuliza, akatafuna mmoja ndipo akakubali bei. Miguu yetu ilikuwa imegoma kabisa kurudi juu. Tukamwita kijana wa bodaboda, tukamwelekeza: Isamilo, kwa mama wa chai, kwenye jiwe la tangi. Akataja nauli. Mwenzangu akakubali bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yake, akafunga mfuko vizuri na kumkabidhi.

Kijana akauangalia mfuko, akamwangalia yeye. "Jiwe la tangi lenyewe, kule juu? Si pikipiki inaishia pale kwenye Noah?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo niliyotaja ni ya mpaka kwenye Noah, braza. Ya kupanda nayo tuongee upya."